Lango liko wazi, mwongozaji hayupo: upungufu wa watumishi na safari yako ya hifadhini

Likizo ya Juni ikikaribia, walimu wa Iringa na Mbeya huanza kuulizia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maswali yao karibu yote ni ya pesa: kiingilio ni kiasi gani, Kosta itakubali kwenda hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, kwa bei gani, hosteli ni shilingi ngapi kwa kichwa. Ni maswali ya msingi, siwalaumu. Lakini liko moja ambalo, kwa kazi yangu ya kufundisha waongoza watalii, naliona linaamua ubora wa safari kuliko hata kiingilio, na ni wachache sana wanaoliuliza: siku tutakayofika, nani atakuwa zamu?

Hifadhi ikipungukiwa watumishi haifungwi. Bango linabaki pale pale, lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, na tembo hawana habari na mambo ya ajira. Kinachopungua ni kazi ambazo mgeni hazioni zikifanyika: mti ulioangukia barabara ya pembeni haujaondolewa, kibao cha njia panda kimeng'oka na hakuna aliyekirudisha, ofisa aliyekuwa akiwaeleza wanafunzi habari za mto amepelekwa langoni kukaimu. Mgeni anazunguka kwenye barabara mbili zinazopitika, anaona swala na twiga, anarudi nyumbani kusimulia kwamba Ruaha hakuna wanyama. Wanyama walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia asubuhi ile simba wameonekana upande gani.

Na upungufu huu haumpigi kila mgeni kwa uzito uleule. Mtalii anayeshuka kwa ndege ndogo kwenye uwanja wa Msembe anapokelewa na gari la kambi yake, dereva wake ni mwongoza watalii wa kulipwa, chakula chake kimepangwa tangu Ulaya. Upungufu wa watumishi wa hifadhi ataugusa kwa mbali sana. Familia iliyotoka Mafinga na Noah ya kukodi, au wanafunzi hamsini wa kidato cha tatu kutoka Mbarali, wao wanategemea watumishi wa hifadhi kwa kila kitu: maelezo, mwongozo, usalama, choo kisafi, msaada gari likikwama. Kwa hiyo mhifadhi mmoja wa utalii akikosekana, anayeumia kwanza ni Mtanzania. Hili naona halisemwi vya kutosha tunapohimizana utalii wa ndani.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu watu wengi hudhani lango moja linahitaji mtu mmoja.

Idadi ya watumishi ambayo taasisi imeidhinishiwa kuwa nayo, nafasi kwa nafasi, huitwa ikama. Chukua meza moja tu ya kupokea wageni langoni. Lango likiwa wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku saba, hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya ajira ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya, kisha ongeza pengo la likizo, utapata kwamba meza ile inahitaji watu wawili kamili, na hapo hakuna aliyeugua, aliyefiwa, aliyeko masomoni wala mama aliyejifungua, ambaye ana haki ya siku 84 za mapumziko. Sasa ongeza askari wa kizuizi. Ongeza lindo la usiku na mchana, ambalo kwa hesabu hiyo hiyo, kwa kuwa ni la saa 24, linataka watu wanne kwa nafasi moja. Lango dogo ambalo wewe unapita na kuona watu watatu tu limekula watu wanane au tisa wa ikama. Wakiondoka wawili, bado utaona watu langoni. Utaona tu wamechoka, na foleni haisogei.

Foleni hiyo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ya njia ya kupitia Idodi na Tungamalenga imezoeleka kuwa ya vumbi na mashimo. Ukiondoka alfajiri utafika langoni jua limeshachomoza vizuri. Simba, chui na mbwa mwitu huonekana kwa urahisi asubuhi mapema na jioni. Jua likipanda wanajilaza kivulini, na ndani ya vichaka vya Ruaha unaweza kupita hatua chache kutoka kwa simba aliyelala usimwone. Saa moja na nusu ya kusubiri karatasi ndiyo ile saa ambayo ungekuwa kando ya mto.

Malipo yamehamia kwenye mfumo wa serikali na fedha taslimu hazishikwi tena langoni. Ni jambo zuri. Lakini mtandao ukisumbua, na huku kwetu husumbua, mfumo hauwezi kumtuliza mwalimu mwenye watoto hamsini ndani ya basi. Hapo anatakiwa mtu, tena mwenye uzoefu.

Kundi ambalo likipungua kila kitu kinayumba ni askari uhifadhi. Huyu ndiye anayefanya doria dhidi ya majangili. Ndiye anayeitwa usiku tembo wakiingia kwenye mashamba ya mahindi Idodi au mpunga Pawaga. Ndiye anayepelekwa upande wa Usangu, kwenye ardhioevu ya Ihefu, eneo lililounganishwa na Ruaha mwaka 2008 na kuifanya hifadhi kuwa ya takriban kilomita za mraba 20,000. Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji kutoka Ihefu, umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwaka 1993, kwa hiyo ulinzi wa chanzo kile si mapambo. Na ni askari huyo huyo, mwenye silaha, anayetakiwa kuongozana na wewe ukitaka kutembea kwa miguu porini.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mkuu wa kituo. Ana askari sita leo. Kijijini kuna kundi la tembo limelala shambani, watu wamewasha moto na kupiga madebe, wanakaribia kuumizana. Kwenye meza yake kuna maombi ya familia ya watu watano kutoka Mbeya wanaotaka matembezi ya saa mbili kando ya mto. Atapeleka wapi watu wake? Mimi ningewapeleka kijijini bila kufikiri mara mbili, na familia ile ningeiomba radhi. Matembezi yakifutwa hakuna anayekufa, hakuna kichwa cha habari. Ndivyo huduma kwa wageni inavyokuwa ya kwanza kukatwa kila watu wanapokuwa wachache, na inakatwa kimya kimya.

Upo utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2022 uliokadiria kwamba dunia ina askari wa hifadhi wapatao 286,000, sawa na mmoja kwa kila kilomita za mraba 71, na kwamba ili maeneo yaliyohifadhiwa yatunzwe ipasavyo anatakiwa mmoja kwa kilomita za mraba 26. Tukipima kwa kipimo hicho eneo lenye ukubwa wa Ruaha, wastani wa dunia ungelipatia askari wapatao 280. Lengo lililopendekezwa lingetaka zaidi ya 760. Sisemi Ruaha ina wangapi leo, hiyo ni taarifa ya wenyewe. Nataka tu msomaji apate picha ya ukubwa wa kazi. Na kumbuka, hao 760 hawako kazini wote kwa pamoja. Toa wa likizo, wa zamu ya usiku, na wale waliorudi jana kutoka doria ya siku kumi porini wakiwa na haki ya kulala.

Twende Kitulo, maana pale tatizo lina sura nyingine kabisa.

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 412, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika nchi za tropiki barani Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla ya wataalamu kuja na orodha zao. Kuna aina takriban 350 za mimea iliyorekodiwa, zikiwamo okidi 45 za ardhini. Ukitokea Chimala unapanda milima kwa zile kona hamsini na saba hadi Matamba, baridi inakupokea, na mbele yako ni uwanda wa majani kwenye kimo cha mita 2,600.

Msimu wa maua ni Desemba hadi Aprili, ambao ni msimu wa mvua pia. Hapa kuna mtego. Simba hata asipoelezwa ni simba. Mtoto wa miaka minne atamtambua. Okidi ya ardhini ina urefu wa shubiri moja, imejificha kwenye nyasi, na mgeni asiye na mwongozaji ataipita au, vibaya zaidi, ataikanyaga akimpiga picha mwenzake. Mhifadhi anayezijua huchuchumaa, anatenga nyasi kwa vidole viwili, anaonyesha mdomo wa ua ulivyojikunja, anakuambia hii ilichanua wiki iliyopita na ile pale itachanua baada ya mvua mbili tatu. Ujuzi huo haununuliwi kwa kumhamisha mtu kutoka hifadhi nyingine leo jioni. Unahitaji misimu kadhaa ya kutembea juu ya uwanda ule na mtu aliyekutangulia. Kitulo ikipoteza wahifadhi wawili wa aina hiyo, imepoteza nusu ya kinachofanya watu wapande kona zile.

Halafu kuna viazi vya okidi, vinavyochimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana kule. Mchimbaji hana bunduki, hana gari, hapigi kelele. Ana jembe dogo na mfuko. Kumdhibiti kunataka macho mengi yanayotembea kwa miguu. Doria ikipungua msimu huu, mgeni wa msimu ujao atakuta nyasi na mashimo, na hatajua kwamba alichokikosa kilikuwepo. Moto wa kiangazi nao ni hivyo hivyo: njia za kuzuia moto zinalimwa na watu, na zisipolimwa kwa wakati hakuna anayejua hadi upepo wa Septemba.

Udzungwa nitaigusa kwa sentensi chache. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, kuanzia maporomoko ya Sanje upande wa Mang'ula hadi njia za upande wa Kilolo. Kwa hiyo pale mwongozaji akikosekana si kwamba safari inapungua ladha, hakuna safari.

Wapo wanaosema basi lango liachwe wazi watu waingie wenyewe, ustaarabu tunao. Marekani ilijaribu jambo hilo bila kukusudia. Kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, kwa siku 35, serikali yao ilisimamisha shughuli nyingi kwa sababu ya mvutano wa bajeti, lakini hifadhi nyingi ziliachwa wazi zikiwa na watumishi wachache mno. Vyoo vilifurika, takataka zikarundikana, na katika hifadhi ya Joshua Tree kule California magari yalipita nje ya barabara na miti inayoipa hifadhi hiyo jina lake ikaharibiwa. Februari 2025 wakaachisha kazi watumishi wapatao 1,000 wa hifadhi za taifa, waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Nchi yenye pesa zile, barabara za lami hadi porini na ramani kwenye kila simu, bado haikupata mbadala wa mtu aliyevaa sare na kusimama pale. Tofauti na kwao ni kwamba huku kwetu mgeni aliyepotea njia anaweza kushuka kwenye gari mbele ya nyati.

Kwa nini basi wasiajiriwe haraka? Kwa sababu mtumishi wa umma hapatikani kama kibarua wa kupakua saruji. Taasisi inaandaa makisio ya ikama pamoja na bajeti ya mishahara ya mwaka, inaomba kibali cha ajira, inasubiri, ndipo nafasi zinatangazwa. Anayepatikana anapita mafunzo, na kwa kuwa uhifadhi sasa ni jeshi kuna nidhamu ya kijeshi ya kufundishwa. Vyuo vipo na ni vya siku nyingi: Mweka tangu 1963, Pasiansi kule Mwanza tangu 1966, na Likuyu Sekamaganga huko Ruvuma kwa askari wa vijijini. Shida ya pili, ambayo haizungumzwi sana kwenye mikutano, ni makazi. Kijana mwenye mke na mtoto wa darasa la kwanza akipangiwa kituo ambacho shule iko mbali na simu inashika ukipanda juu ya kichuguu, ataripoti, atavumilia, kisha ataanza kuandika barua za uhamisho. Nyumba mbili nzuri za watumishi kituoni zinaweza kuzuia upungufu kuliko tangazo jipya la kazi.

Wakati huohuo wageni wanaongezeka. Mwaka 2020, mwaka wa korona, Tanzania ilipokea watalii wa nje 620,867. Mwaka 2024 walikuwa 2,141,895. Wengi wao wanaishia kaskazini na Zanzibar, ndiyo, lakini mikakati yote ya kitaifa inavuta wageni kuja kusini, na wakija kweli watapita kwenye malango haya haya.

Sasa wewe msomaji unayepanga safari ufanye nini? Kubwa ni kuwasiliana mapema na kuuliza swali lenye jibu. Usiulize "mko wazi?" Watakujibu ndiyo. Uliza: tarehe hiyo kuna mhifadhi wa kuongoza kundi la watu hamsini? Askari wa matembezi anapatikana saa ngapi? Barabara za mizunguko zipi zinapitika kwa Kosta, na zipi zinataka gari la magurudumu manne? Jibu likiwa la kusitasita, badilisha tarehe. Pasaka, Krismasi na wikiendi zinazoungana na sikukuu ndizo siku za watu wengi na wahudumu wale wale. Jumanne ya kawaida utapata mwongozaji asiyetazama saa.

Walimu, hili ni lenu. Andaeni orodha iliyochapwa: jina, umri, uraia, na kitambulisho kwa watu wazima. Ada za watoto hupangwa kwa umri, wa chini ya miaka mitano hawalipi, wa kuanzia mitano hadi kumi na mitano wana bei yao. Orodha ikiwa tayari, na namba ya malipo mmeiomba na kuilipia siku moja kabla, basi lenu litapita huku basi la nyuma yenu bado linaita majina dirishani. Nimeona mwalimu mkuu akisimama juani na daftari la mahudhurio akikisia umri wa wanafunzi wake. Ofisa aliye peke yake langoni hawezi kukisia naye.

Kama uwezo upo, kodi mwongoza watalii mwenye leseni kutoka Iringa au Mbeya, au kijana wa Tungamalenga anayeifahamu njia. Watu mkichangia kwenye Kosta, gharama yake kwa kichwa ni ndogo kuliko soda mtakazokunywa njiani. Msipande gari moja peke yenu masika, mwende mawili, maana waokoaji wanaweza kuwa mbali na simu isishike. Maji, chakula na mifuko ya taka ni vyenu, na taka mrudi nazo mjini. Spidi ya hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, hata kama hamjaona askari tangu asubuhi.

Neno kwa wasimamizi wa vituo: wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ni msaada mkubwa langoni, kwenye orodha na kwenye maelezo, ila wasiachiwe kuongoza kundi peke yao. Mwanafunzi wangu bora kabisa bado hajui nyati aliyejeruhiwa anavyotazama kabla hajakuja.

Na safari ikiharibika kwa kukosa mhudumu, andika. Usiandike "huduma mbovu", hiyo haimsaidii mtu. Andika tarehe, lango, saa mliyofika na saa mliyoruhusiwa kuingia, mlikuwa wangapi, huduma gani mliomba na mkaambiwa nini. Makisio ya ikama hupitiwa na watu wa ofisini ambao hawajawahi kukaa kwenye foleni ile, na mkuu wa kituo anayeomba askari zaidi akiwa na barua thelathini za namna hiyo ana cha kuweka mezani.